Habari za Presha na Pumzi, Tangu Bomba la Shaba Hata Simu ya Mkononi

Mtu wa kwanza kuupima msukumo wa damu ndani ya mishipa ya kiumbe hai hakuwa tabibu, alikuwa kasisi. Jina lake Stephen Hales, naye alishika parokia ya Teddington, kijiji kilichokuwa karibu na London, na kila alipopata wasaa baada ya ibada, harusi na maziko ya waumini wake, alijishughulisha na kupima mambo ya maumbile, kama vile nguvu ya maji yapandayo katika shina la mzabibu. Siku moja ya mwezi wa Disemba alimlaza chali farasi jike aliyekwisha kuzeeka, akamfunga asiweze kufurukuta, akaufungua mshipa mkubwa wa paja na kuingiza humo kijibomba cha shaba, na juu ya kijibomba hicho akasimamisha bomba la kioo lenye urefu wa futi 9. Na alipoilegeza kamba iliyouzuia mshipa, damu ikapanda ndani ya kioo hata ikafika futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo, ikawa inapanda na kushuka kila moyo ulipopiga. Habari hizo alizitia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1733. Farasi hakupona, kwani kasisi alizidi kumpunguza damu kidogo kidogo ili aone kimo chake kitashuka vipi, jambo ambalo msomaji wa leo hulisoma kwa uchungu, ingawa hawezi kuikana faida yake.

Nimeanza na farasi huyo kwa kuwa maradhi haya, ambayo vitabuni huitwa shinikizo la damu na mitaani huitwa presha tu, yana historia mbili: moja ni ya ala za kuyapima, na ya pili ni ya hila za kumtuliza mwanadamu ili damu yake nayo itulie. Historia hizo zilikwenda mbalimbali kwa zaidi ya karne mbili, kila moja na watu wake na lugha yake, zikaja kukutana juzi tu ndani ya simu ya mkononi, ambayo siku hizi humwambia mwenye presha lini avute pumzi na lini aishushe. Rai yangu, ambayo msomaji ataipima mwenyewe, ni kwamba katika safari yote hiyo ala za kutuliza zimepewa sifa kubwa kuliko zinavyostahiki, na ule mkanda wa mkono upimao presha umepewa heshima ndogo kuliko haki yake, ilhali pumzi yenyewe, ambayo haina mwenyewe wala haiuzwi dukani, ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Baada ya Hales palipita takriban miaka mia pasipo jambo kubwa. Mwaka 1828 Mfaransa Jean Poiseuille aliondoa usumbufu wa lile bomba refu kwa kutumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, hata kimo ambacho damu hukifikia kwa futi kadhaa, zebaki hukionyesha kwa inchi chache. Na tangu siku hizo mpaka leo, daktari akikuambia kwamba presha yako ni 120 kwa 80, anakutajia milimita za zebaki, hata kama zebaki yenyewe haimo tena chumbani mwake. Lakini bado mtu hakuweza kupimwa sawasawa ila kwa kupasuliwa mshipa, na zile ala chache zilizobuniwa ili kupima kwa juu ya ngozi zilikuwa za kubahatisha, mpaka mwaka 1896, tabibu Mtaliani, Scipione Riva-Rocci, alipotangaza huko Turin mkanda wake wa kuzungushwa mkononi, aliouunda kwa vitu visivyo na fahari yoyote: mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kipira cha kutia hewa, na bomba la zebaki. Mwaka 1901 Mmarekani Harvey Cushing, aliyekuja kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, alipita hospitali ya Pavia katika safari zake za Ulaya, akauona mkanda huo ukitumika kando ya vitanda vya wagonjwa, akauchora na kuuchukua mpaka Baltimore. Tafadhali msomaji aliweke akilini jina la Pavia, maana tutalirudia.

Mkanda wa Riva-Rocci ulikuwa na upungufu mmoja: tabibu alishika mapigo ya mkono kwa vidole, akangoja yapotee, na kwa njia hiyo akapata hesabu ya juu peke yake. Upungufu huo uliondolewa mwaka 1905 huko St Petersburg na daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, katika taarifa isiyojaa hata ukurasa mmoja. Kila aliyewahi kuketi mbele ya muuguzi anaijua kazi ya Korotkov bila ya kulijua jina lake. Mkanda hukazwa juu ya kiwiko, kipira hufinywa hata mkono ukaanza kufa ganzi, stetoskopu huwekwa penye kunjo la mkono, kisha hewa hulegezwa polepole. Mwanzo pana kimya, maana mshipa umebanwa ukafungika, halafu ghafla husikika tu, tu, tu, na hapo muuguzi hushika hesabu ya juu. Na sauti zile zikiisha kufifia na kutoweka, kwa kuwa damu sasa yapita pasipo kizuizi, hushika hesabu ya chini. Imepita zaidi ya karne moja, na mizani ya kuhukumia ala nyingine zote ingali ni hiyo.

La ajabu ni kwamba matabibu walipopata kuyapima maradhi haya, wengi wao hawakukubali kuwa ni maradhi. Makampuni ya bima ya maisha ya Marekani, ambayo hayana huruma lakini yana hesabu, yalitangulia kuona kwamba mwenye presha ya juu hufa mapema, na yakaanza kumpima kila aombaye bima; lakini katika vyuo vya utabibu iliendelea ile dhana kwamba mishipa ya mtu mzima imekauka, na kwa hiyo moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi, na atakayejaribu kuipunguza nguvu hiyo atamdhuru mgonjwa. Dhana hiyo ilimkuta Rais Franklin Roosevelt. Mwezi wa Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta 186 kwa 108 pamoja na moyo uliokwisha kuchoka, akamwamrisha dawa ya moyo, chakula kisicho na chumvi nyingi, kupunguza sigara, na mapumziko, maana zaidi ya hayo utabibu wa wakati ule haukuwa na kitu cha maana cha kumpa. Na mchana wa tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs katika jimbo la Georgia, rais alilalamika kuumwa na kichwa, akaanguka, na Bruenn alipompima mkanda ulionyesha zaidi ya 300 kwa 190. Alifariki siku hiyo hiyo, umri wake miaka 63. Miaka mitatu baadaye, katika mji mdogo wa Framingham, ulianzishwa uchunguzi wa watu 5,209 waliofuatwa mwaka hata mwaka, na ndio uliothibitisha mbele ya kila mtu yale ambayo watu wa bima walikuwa wakiyajua kimyakimya. Dawa nzuri za vidonge zilianza kupatikana katika miaka ya 1950, hasa zile za kukojoza, na nyingine zikafuata. Wala katika haya nitakayoyasema juu ya pumzi na simu asije mtu akanidhania kuwa namwambia aache vidonge vyake.

Sasa nageukia upande wetu wa dunia, ambao katika kadhia hii una sehemu kubwa kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet habari za miaka yake miwili takriban katika Kavirondo ya Kusini, kando ya Ziwa Victoria. Alisema kwamba kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa katika hospitali yake hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Tena aliwapima wanaume 1,000 wazima, akaona kwamba hesabu zao hulingana na za Wazungu mpaka umri wa miaka 40, na baada ya hapo, badala ya kupanda kama ilivyokuwa Ulaya, huelekea kushuka. Donnison hakuona sababu katika rangi ya ngozi. Aliiona katika maisha, akaandika kitabu kizima mwaka 1937 kudai kwamba wasiwasi na fadhaa za ustaarabu wa kisasa ndizo zinazozaa presha na maradhi kadhaa ya jamii yake.

Habari hiyo ina ladha mbili. Kwa upande mmoja ni shahada yenye thamani, ya mtu aliyepima kwa mkono wake mwenyewe. Kwa upande wa pili, ni rahisi mno kwa wenye kutawala kuipokea shahada ya namna hiyo na kuifanya kanuni, kwamba Mwafrika hana wasiwasi kwa kuwa hana mawazo. Na anayekumbuka kodi ya kichwa, kipande cha shingoni na kazi za shuruti za zama zile atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni raha gani hiyo waliyokuwa nayo watu wa Kavirondo ambayo Donnison aliiona wao wenyewe wasiione.

Jibu, au sehemu yake, lilikuja zaidi ya nusu karne baadaye na kutoka eneo la ziwa lile lile. Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo 325 waliokuwa wamehama vijijini kwao kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wengine 267 waliobaki nyumbani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990 katika jarida la utabibu la Uingereza, BMJ. Presha za waliohama zilianza kuwa juu mapema tu baada ya kufika mjini. Uzito wao uliongezeka. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo, kwa kuwa walikuwa wameacha chakula cha shambani wakashika cha mjini. Na mapigo yao ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi kuliko ya ndugu zao wa kijijini. Jambo hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha hapa, kwa sababu chumvi peke yake haitoshi kuyaeleza mapigo ya haraka, na ndipo mtu anapoifikiria taharuki ya mji: chumba cha kupanga kinachodaiwa kila mwisho wa mwezi, kazi ya kutafutwa tangu alfajiri, na jamaa waliobaki nyuma wakingoja kuletewa.

Maarifa ya taharuki nayo yalikuwa yamekwisha kupata wanachuoni wake. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1915 jinsi mnyama aliyetishwa anavyomwagiwa damuni kimiminiko cha tezi zilizo juu ya mafigo, moyo ukaenda mbio na presha ikapanda, ili awe tayari ama kupigana ama kukimbia. Na mwaka 1936 Hans Selye, huko Montreal, alieleza jinsi panya wanaosumbuliwa mfululizo, kwa baridi au kwa jeraha au kwa sumu, wanavyoishia kudhurika kwa namna moja. Kasoro ya mwanadamu wa mjini ni kwamba mwenye nyumba wake hapiganiki wala hakimbiliki.

Basi ikiwa hofu yaweza kuipandisha damu, je, utulivu wa makusudi waweza kuishusha? Edmund Jacobson wa Chicago aliandika mwaka 1929 juu ya kulegeza misuli mmoja baada ya mwingine. Herbert Benson, daktari wa moyo katika Harvard ile ile ya Cannon, alijiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na vijana waliokuwa wakifuata taamuli za Kihindi, wakimwomba awapime, naye baada ya kusitasita akawapima, akaona pumzi na mapigo yao yakipungua; kitabu chake cha mwaka 1975 kiliuzwa sana, na kwa maoni yangu kiliuzwa kupita ushahidi kiliokuwa nao. Aliyefanya kazi iliyo karibu zaidi na hii tuliyo nayo leo ni Chandra Patel, mwanamke mwenye asili ya India aliyekuwa daktari wa kawaida wa mtaani huko Croydon, kusini mwa London. Mwaka 1973 alitangaza katika Lancet habari za wagonjwa wake 20 wa presha, aliowafundisha kulala chali na kutuliza pumzi kwa namna ya yoga, huku mwili ukiunganishwa na mashine ndogo itoayo sauti ambayo hushuka kadiri mtu atuliavyo, hata mgonjwa akajisikia mwenyewe kwa masikio anavyotulia. Watano kati yao waliweza kuacha dawa kabisa, na saba wakazipunguza. Wenye shaka waliposema kwamba labda ni huruma ya daktari tu iliyowatibu, alirudi mwaka 1975 na wagonjwa 34 waliogawanywa kwa kura, baadhi wakifundishwa na baadhi wakipumzika tu bila ya mafunzo, na waliofundishwa wakashuka zaidi. Mashine ile yenye kulia, iliyowekwa kando ya kitanda katika chumba cha daktari wa mtaani, ndiyo bibi wa programu zote tuzionazo sasa.

Na hapa ndipo Pavia inaporejea. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake wa mji huo walichapisha katika BMJ uchunguzi wa watu wazima 23 waliosoma rozari kwa Kilatini, kisha wakasoma tamko la yoga, huku pumzi na presha zao zikiandikwa. Ilionekana kwamba yote mawili, ya Wakatoliki na ya Wahindi, humshusha msomaji mpaka pumzi 6 kwa dakika, yaani sekunde 10 kwa kila pumzi, na kwamba huo ndio mwendo ambao presha ya damu yenyewe hupanda na kushuka kwa tabia yake. Pumzi ikiafikiana na mwendo huo, vile vihisio vilivyomo katika mishipa ya shingo, ambavyo kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba presha imezidi, huwa vyepesi zaidi kuhisi na ubongo huwa mwepesi zaidi kujibu. Waandishi hao walidokeza hata kwamba rozari yenyewe huenda iliingia Ulaya kwa Waarabu wakati wa vita vya msalaba, nao Waarabu waliipata kutoka mashariki. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, maana ameona tangu utotoni wazee waliobaki msikitini baada ya sala ya alasiri, kidole gumba kikisukuma punje ya tasbihi moja moja, na pumzi ikitoka ndefu pamoja na kila tamko. Simaanishi kwamba uradi ni dawa ya presha; aletaye uradi anamdhukuru Mola wake, na kama mishipa yake nayo imepata nafuu, hiyo ni ziada asiyoitaka wala kuihesabu.

Kutoka hapo mpaka kwenye biashara palikuwa karibu. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliruhusu kuuzwa bila ya cheti cha daktari ala iliyobuniwa Israeli, yenye mkanda wa kifuani unaozihesabu pumzi na vipaza sauti vya masikioni vinavyopiga toni za kumwongoza mtu ashuke chini ya pumzi 10 kwa dakika, kwa robo saa kila siku. Mwaka 2013 Jumuiya ya Moyo ya Marekani, katika waraka wake juu ya njia zisizokuwa dawa wala chakula, iliikubali ala hiyo kuwa ni jambo la busara kulijaribu, ikaiweka ile taamuli ya Kihindi ya kina Benson daraja moja chini yake, na taamuli nyinginezo ikakataa kuzipendekeza. Mwaka huo huo Waholanzi waliwapa wenye presha na kisukari baadhi yao ala kamili, na wengine ala iliyopiga muziki tu, wakaona hakuna tofauti. Wanachuoni wanaposhindana hivyo, mtu wa kawaida akae katikati: huenda ipo faida, nayo si kubwa.

Simu ilipoanza kupakiwa programu kwa wingi, mwaka 2008 na baadaye, mkanda wa kifuani ukawa hauna haja. Siku hizi programu ya kupumua ni duara tu kwenye kioo: hupanuka kwa hesabu ya 4 mtu anapovuta pumzi, hunywea kwa hesabu ya 6 anapoishusha, na hizo ni zile zile sekunde 10 za Pavia. Mtu akiketi ameegemea, nyayo zote mbili chini, akalifuata duara hilo kwa dakika 10 au 15 kabla ya kulala, amefanya walichofundisha wote niliowataja, na hakuna la kumlaumu. Balaa ilizuka pale simu ilipotaka kuwa mkanda. Mwaka 2014 ilitolewa Marekani programu iliyodai kuipima presha kwa kuigusisha simu kifuani na kidole juu ya kamera, ikanunuliwa na watu zaidi ya laki moja kwa dola 4 au 5 kila mmoja. Na watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore ile ile aliyoipelekea Cushing mkanda wake, walipoipima kwa watu 85, walitangaza mwaka 2016 kwamba takriban wanne kati ya kila watano wenye presha ya juu waliambiwa na simu kuwa wako salama. Tume ya Biashara ya Marekani ikaiwajibisha kampuni hiyo mwishoni mwa mwaka huo. Programu ya kupumua ikikosea, mtu amepoteza robo saa. Programu ya kupima ikikosea, mtu amelala na maradhi yake akiwa na hati ya uzima mkononi.

Huko Cape Town palifanywa jaribio la aina nyingine, lisilokuwa na duara wala muziki, ambalo habari zake zilitoka mwaka 2016. Watu wazima 1,372 waliokuwa wakitibiwa presha katika zahanati moja waligawanywa mafungu matatu: fungu moja liliendelea na matibabu ya kawaida, la pili likaletewa ujumbe mfupi kwa simu, kwa Kiingereza, Kiafrikaans au Kixhosa, kukumbusha vidonge na siku za kurudi zahanati, na la tatu likaletewa ujumbe ambao mgonjwa aliweza kuujibu. Baada ya mwaka mmoja, waliopokea ujumbe bila ya kujibu walikuwa wameshuka takriban milimita 2 za zebaki kuliko wale wa kawaida, na waliopewa nafasi ya kujibu hawakuwapita.